Utando Usioonekana: Sarafu za Kilwa, Nondo za Nyumba na Kutu ya Pwani

Watu wa Kilwa, Kivinje, Mchinga na Lindi wana adui mmoja ambaye ndugu zao wa bara hawamjui sana, naye ni kutu. Msumari uliogongwa mwaka huu, baada ya masika mawili huacha alama nyekundu katika ubao, na baada ya miaka michache zaidi huwa unga. Bawaba za mlango, komeo, waya wa uzio, mguu wa kitanda cha chuma, vyote huliwa. Lakini katika mchanga wa pwani hiyo hiyo, mtu apitaye kando ya magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara aweza kukiona kipande chembamba cha shaba, upana wake kama sentimita 2, kilichokaa ardhini miaka mia sita au zaidi, na juu yake jina la Sultani lingali lasomeka. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Basi imekuwaje hata kile kigumu kikafa na hii laini ikabaki?

Jibu la wataalamu ni kwamba madini hayadumu kwa ugumu wake, bali kwa ngozi yake. Kila madini yakutanapo na hewa na maji hujivika utando. Utando ukiwa mzuma na wenye kushika, madini yaliyo chini yake husalimika. Ukiwa ni wa kubanduka, au ukitobolewa na chumvi, madini huendelea kuliwa mpaka yaishe. Ilimu ichunguzayo mambo haya huitwa elektrokemia, yaani kemia inayokwenda pamoja na umeme. Ijapokuwa jina lake ni zito, mambo yake yamo jikoni mwetu, katika mapaa yetu na katika kuta za nyumba zetu, na asiyeyajua huweza kupata hasara kubwa bila ya kutambua ilikotoka.

Kwanza tuzijue sarafu zenyewe, maana ndizo zilizotufanya tuandike. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa matumizi ya kila siku ya watu wao. Mmoja wao, al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu 'l-Mawahib kwa ukarimu wake, ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka wa 1331. Upande mmoja wa sarafu hizi pana jina la mtawala, na upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, nayo yamepangwa ili vina vioane na jina lile. Ni jambo la kupendeza kwamba wazee wetu walitia vina hata katika fedha ya kununulia samaki! Sarafu hizi za shaba hazikuandikwa mwaka. Kwa hiyo mwanachuoni atakaye kujua ni ya nani na ya zama zipi, hana budi kutegemea herufi zile zilizochorwa juu ya ngozi yake, na mahali hasa ilipookotwa.

Nazo zimekwenda mbali. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. 4 zilikuwa za Kiholanzi na 5 zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko? Mabingwa wangali wanabishana. Karibu na nyumbani, katika mji uliohamwa wa Songo Mnara, wachimbaji wa mambo ya kale walipata akiba iliyofukiwa yenye sarafu za shaba zaidi ya 300. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka wa 1974, alitegemea sana vipande kama hivi katika kuipanga historia ya masultani.

Sasa natueleze jinsi kutu inavyofanya kazi. Chembe ya chuma ikiguswa na maji huweza kuacha sehemu ya umeme wake ndani ya chuma na yenyewe ikaingia majini. Umeme ule ulioachwa husafiri ndani ya chuma mpaka mahali pengine, na huko oksijeni iliyomo majini huupokea. Mahali chembe zinapotoka ndipo panapoliwa. Chumvi yenyewe haiumi kama meno, lakini maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, na kwa hiyo kazi ile huenda mbio. Mwaka wa 1800 Mtaliana aitwaye Alessandro Volta alipanga vipande vya zinki na vya fedha kimoja juu ya kimoja, na kati yao akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata umeme wa kudumu. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Msumari unaooza katika ngalawa ni betri ya namna hiyo hiyo, ila umeme wake haumnufaishi mtu. Mitepe ya zamani ya pwani hii, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, haikuwa na taabu hiyo.

Neno utando lisikupe picha ya utando wa juu ya maziwa, maana huo ni mnene mno. Karatasi ya kawaida ina unene upatao sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, kila sehemu huitwa nanomita; basi karatasi hiyo ni kiasi cha nanomita 100,000. Utando unaoilinda sufuria ya aluminiamu, ukiwa ndio kwanza umejifanya, ni nanomita 2 mpaka 4 tu. Ukiikwaruza sufuria kwa mchanga, aluminiamu iliyo wazi huikamata oksijeni ya hewa na kujivika utando mwingine kabla hujainua mkono. Ndiyo maana sufuria haili kutu nyekundu. Lakini utando huo una adui wawili: vitu vikali kama ukwaju na ndimu, na vitu vya upande wa pili kama magadi. Mchuzi wa ukwaju uliolazwa katika sufuria ya aluminiamu huuyeyusha utando, na madini kidogo huingia katika chakula. Mama wa nyumba afanye desturi ya kuuhamishia mchuzi huo katika bakuli la udongo au la kioo.

Wenye viwanda nao wamejifunza kuukuza utando huu kwa makusudi. Zile bilauri na sinia za aluminiamu zenye rangi nyekundu, buluu na dhahabu hazikupakwa rangi kama ukuta. Chombo hutiwa katika maji ya tindikali na kupitishiwa umeme. Utando hukua mpaka ukawa mnene mara maelfu kuliko ule wa kwanza, nao hukua na matundu yaliyopangana kama sega la nyuki, kila tundu upana wake makumi ya nanomita. Rangi huingizwa ndani ya matundu hayo, kisha chombo huchemshwa majini, na midomo ya matundu hufumba juu ya rangi.

Chuma hakina bahati hiyo. Kutu yake ni nene, ina nyufa, nayo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hujibandua yenyewe na kukiacha chuma kipya wazi. Watu basi wakaamua kukivisha nguo ya madini mengine. Jambo la chuma kufunikwa kwa madini mengine si geni kwa aliyesoma Sura ya al-Kahf, kwani humo imo habari ya Dhul-Qarnayn na kizuizi chake cha vipande vya chuma kilichomiminiwa shaba iliyoyeyuka. Katika zama zetu nguo inayotumika sana ni zinki. Hapa lugha yetu imetuchezea kidogo: mabati ya kuezekea hayana bati. Bati ni yale madini meupe waliyokuwa wakitia mafundi ndani ya sufuria kubwa za shaba za pilau ya arusi na maulidi, ili shaba isiingie katika chakula. Mabati ya paa yamevishwa zinki, na tofauti hii ni kubwa. Mkebe uliovishwa bati ukichubuka, chuma huoza upesi kuliko kama usingevishwa kitu, kwa sababu kati ya hayo mawili chuma ndicho kilicho tayari zaidi kuingia majini. Bati la paa likichubuka, zinki ndiyo iliyo tayari zaidi. Nayo hujitoa iliwe badala ya chuma mpaka iishe. Mwenye kununua mabati kwa nyumba ya karibu na bahari asiulize bei na geji peke yake, bali aulize pia unene wa zinki, kwa maana umri wa paa umo humo.

Hila hii ya kutoa madini moja yaliwe badala ya mengine ilijaribiwa na Mwingereza Humphry Davy mwaka wa 1824, alipofunga vipande vya zinki na chuma katika shaba iliyofunika matumbo ya meli za vita. Shaba ilipona kweli. Lakini kwa kuwa haikutoa tena sumu yake majini, makome na majani ya bahari yalikaa juu yake kwa raha, na meli zikawa nzito. Leo hila hiyo hutumika duniani kote katika mabomba ya chuma yaliyozama. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka wa 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka wa 2004, hupita kwanza chini ya bahari, kisha ardhini kwa zaidi ya kilomita 200. Bomba la namna hiyo huvishwa ngozi ya nje isiyopitisha maji, na juu ya hayo huunganishwa na madini ya kujitoa au hutiwa umeme kidogo, ili chembe za chuma zisipate njia ya kutoka.

Jambo ambalo lingefaa kuhubiriwa katika kila mtaa wa pwani ni hili la nondo. Zege jipya lina alkali nyingi. Ndani ya alkali hiyo chuma, ambacho nje hakina ngozi ya kufaa, hujivika utando mzuma wa nanomita chache, na kwa utando huo nondo hukaa makumi ya miaka bila ya kuoza. Nguzo nzima, pamoja na watu waliolala juu yake, imesimama kwa ngozi isiyoonekana hata kwa darubini ya shuleni. Chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo. Haiiondoi yote, ila hutoboa hapa na pale, na kila tundu huchimbika kwenda ndani. Kutu ikizidi hutanuka, zege hupasuka kwa urefu wa nondo, kisha hudondoka vipande vipande.

Basi fundi anayechota mchanga wa ufukweni kwa sababu hauna gharama, au anayekoroga zege kwa maji ya bahari kwa sababu kisima ni mbali, ameitia chumvi ndani ya nguzo tangu siku ya kwanza. Kuta zitapakwa chokaa, nyumba itaingiwa kwa dua na furaha, na kwa miaka kadhaa hapana atakayeona kitu. Mipasuko ikitokea, fundi huyo hayupo, na kuziba kwa saruji mpya juu ya nondo inayooza ni kuficha jeraha. Wazee wa Kilwa walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuba zao hazikuwa na nondo. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba wao pia walijenga kwa vitu vya bahari amesema kweli, lakini mfano wake haufai kwa nyumba yenye chuma ndani. Atumiaye nondo atumie mchanga wa mtoni au wa shimo na maji matamu, na aache unene wa kutosha wa zege nje ya nondo. Akiwa hana njia ila mchanga wa pwani, auoshe sana kwa maji matamu. Ni taabu, lakini ni taabu ya siku chache.

Tuirudie shaba. Ikikaa hewani au ardhini, shaba hujivika kwanza utando wa rangi nyekundu iliyoiva, kisha juu yake hufanyika tabaka ya kijani. Tabaka hizi zikiwa ngumu na laini kwa kuguswa, ni salama, tena ni amana. Maana katika kuzifanya, shaba ya juu iligeuka polepole chembe kwa chembe, na mara nyingi umbo la herufi zile halimo tena katika shaba yenyewe bali limo ndani ya utando. Mtu akiusugua utando ili aione shaba ing'ae, amelifuta jina la Sultani kwa mkono wake. Chini hatapata ila kipande cha madini kilichopwaya na kuwa na vishimo, ambacho hata sonara hatakitaka.

Na desturi yetu ya kusafisha shaba ni ipi? Ndimu na chumvi. Kwa sinia na birika la nyumbani desturi hiyo haina ubaya, mradi chombo kioshwe vizuri na kukaushwa. Kwa sarafu ya kale ni msiba wa mara mbili. Ndimu huyeyusha utando wenye maandishi, na chumvi huingia katika vishimo na kukaa karibu na shaba iliyo hai. Huko huzaliwa kitu cheupe cha klorini na shaba, ambacho kikipata unyevu na hewa hugeuka unga wa kijani mpauko na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huila shaba nyingine, nayo huzaa kitu kile kile, na mduara huendelea. Wahifadhi wa majumba ya makumbusho wameuita ugonjwa, na kweli unafanana na ugonjwa: sarafu iliyokaa salama tangu zama za Ibn Battuta yaweza kuwa unga katika muda mfupi baada ya kutolewa ardhini. Hewa ikiwa kavu sana, ugonjwa hulala. Lakini hewa ya Kilwa na Lindi si kavu, na droo ya kabati si dawa.

Ishara yake ni nyepesi kuitambua. Kijani kilichoiva, kigumu, kisichotoka kwa kidole, ni ngozi njema. Vidoa vya kijani cheupe vyenye unga, ambavyo ukivipangusa leo hurudi tena baada ya siku chache, ni maradhi. Hapo zamani wahifadhi waliziponya sarafu kama hizo kwa kuzitia katika maji ya magadi makali pamoja na zinki au umeme, mpaka shaba ikabaki tupu. Baadaye wengi waliiacha njia hiyo kwa sababu iliondoa ugonjwa na maandishi pamoja. Tangu mwaka wa 1967 wametumia sana dawa iitwayo benzotriazoli, ambayo hushikana na shaba na kuifanyia utando mpya mwembamba mno wa kuzuia maji. Dawa hiyo si ya kujaribiwa nyumbani, maana ina madhara.

Kwa hiyo aonaye sarafu ya kale asiisugue, asiitie ndimu wala moto, wala asichimbe mahali pale kutafuta nyingine. Akumbuke hasa mahali ilipolala, kwani sarafu isiyojulikana ilikotoka imepoteza nusu ya habari yake, kisha awaarifu wahifadhi wa magofu au ofisi ya wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka wa 1863, na kuvichimba au kuviuza bila ya ruhusa ni kosa. Wako watu wanaopita vijijini kununua vipande hivi kwa bei ndogo, na husema kwamba kilichong'arishwa kina bei zaidi. Wanasema uwongo kwa kutojua, au kwa kujua.

Shaba si kitu pekee cha upande wetu kinachotegemea utando. Katika ardhi ya wilaya ya Ruangwa, ndani ya mkoa huu wa Lindi, yamo madini meusi, laini, yenye kuteleza kama yamepakwa mafuta, yaitwayo kinywe. Ni ndugu wa makaa, na ndiyo yaliyomo ndani ya penseli. Siku hizi yanatafutwa kwa sababu betri za simu na za magari ya umeme huhitaji upande mmoja uliofanywa kwa kinywe. Utaalamu wa betri hizi uliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019.

Ndani ya betri hiyo pana kimiminika ambacho, kwa haki, kingepaswa kuharibika mara tu kinapoguswa na kinywe kilichotiwa umeme. Nacho huharibika kweli, lakini mara ya kwanza tu na kidogo tu. Mabaki ya uharibifu ule hujipanga juu ya kinywe yakawa utando wa nanomita chache mpaka makumi kadhaa, wenye tabia ya ajabu: huziruhusu chembe za lithiamu kupita kuingia na kutoka, lakini hauuachi umeme wenyewe upite ukakiharibu kimiminika tena. Emanuel Peled aliueleza utando huo na kuupa jina mwaka wa 1979. Bila ya huo betri ingekufa mapema sana. Tena kazi ya kuuzaa hufanyika kiwandani kabla simu haijafika dukani, kwa kutiwa umeme wa kwanza polepole.

Utando huo hukua kidogo kidogo kila betri inapotumika, na kila unapokua humeza sehemu ya lithiamu, ambayo hairudi. Joto huuharakisha. Simu iliyoachwa juani, au juu ya paa la bati ili ishike mawimbi, au ikatiwa umeme ikiwa chini ya mto wa kulalia, huunenepesha utando wake upesi, na mwenyewe hushangaa kwa nini haikai tena na umeme mpaka magharibi.